Barua ya Wazi kwa Ofisi Husika

Kwa Ofisi Husika,
Popote Ulipo.

YAH: MAOMBI YA KUPIGA PICHA MTO, SHAMBA LA MPUNGA NA KIPANDE CHA DARAJA

Mheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nakuandikia kutoka Lumemo, Ifakara, nikiwa na afya njema na bajeti mbaya. Mimi na vijana wenzangu tunataka kutengeneza filamu fupi ya dakika kumi na mbili. Haina mabomu wala helikopta. Bibi anamsindikiza mjukuu wake anayekwenda Mahenge kubahatisha kwenye machimbo ya vito, na njia nzima wanagombana juu ya gunia la mpunga ambalo kijana ameliuza kimyakimya apate nauli. Mfukoni tuna laki nne na nusu, chakula kikiwemo. Ukiondoa betri, nauli na wali, tunachoweza kulipia lokesheni ni shikamoo.

Nakuandikia wewe kwa kuwa kila niliyemwomba ruhusa amenielekeza kwako. Wapo wasemao uko ghorofani, wapo wasemao ulishahamia Dodoma, na kijana mmoja wa mapokezi aliniapia kwamba umekwenda semina na ufunguo wa kabati lenye muhuri. Ninachojua ni kwamba penye uzio, geti au kibao cha kukataza kamera, mwenye mali ni wewe. Hongera. Umejaliwa nchi nzuri.

Nianze na mto. Masika ya mwaka 2024, mafuriko yalipoikumba Ifakara, maji yaliingia sebuleni kwa watu bila barua ya utambulisho, yakakaa yalivyopenda, yakaondoka na vyombo. Mto Lumemo haukuulizwa umetumwa na nani. Sisi tunaotaka kusimama ukingoni mwake kwa saa mbili, na kamera moja na bibi mmoja, tumeambiwa tulete barua, na barua hiyo haiandikwi mpaka ionekane barua nyingine, na hiyo nyingine inangoja ule muhuri ambao ufunguo wake uko semina. Afisa mmoja, muungwana kabisa, akanishauri kwa huruma tusihangaike na ukingo: tupange chumba bondeni tungoje masika, mto utatufuata wenyewe.

Daraja nalo. Daraja la Magufuli pale Mto Kilombero lina urefu wa mita 384, na tangu lizinduliwe mwaka 2018 habari ya kungoja pantoni imebaki kuwa hadithi za wakubwa. Ndiyo maana nalitaka. Bibi asimame, aelekeze kidole kule pantoni ilikokuwa ikivukia, amweleze mjukuu jinsi watu walivyokuwa wakilala ng'ambo wakingoja zamu. Nahitaji mita ishirini tu. Naomba unijulishe kama daraja lina bei ya rejareja, na zile mita 364 zilizobaki ziendelee na shughuli za ujenzi wa taifa.

Usidhani siijui sheria. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976, mwaka uleule reli ya TAZARA ilipokabidhiwa rasmi, na kwa macho yangu vyote viwili vinakwenda kwa mwendo unaolingana. Inataka maelezo ya hadithi yafike serikalini kabla kamera haijawashwa. Sina ugomvi; kusomwa na serikali ni bahati, maana hata wajomba zangu hawajanisoma. Tatizo ni fundo moja dogo. Siwezi kueleza onyesho la mtoni kabla sijajua kama nitaupata mto, wala sipewi mto kabla sijaonyesha kibali chenye onyesho la mtoni. Tumezunguka fundo hilo mpaka mwigizaji wetu wa mjukuu ameota ndevu. Hata treni, iliyokuwemo kwenye hadithi, tumeshaifuta. Tumebakiza honi yake usiku, kwa sababu honi haina geti.

Sasa linganisha na watu wasio na ofisi. Mkulima mmoja tulimkuta juu ya dungu akiamia ndege. Alitusikiliza, akatuuliza swali moja: mnajua kurusha mawe? Mkataba ukaisha hapohapo. Tunaamia ndege asubuhi, tunapiga picha jioni, na lile dungu tunalitumia kuinua kamera juu ya mpunga, kitu ambacho wenzetu wa Dar es Salaam hukikodishia mtambo. Mwenye mashine ya kukoboa naye alitoa sharti lake: kibao chenye namba yake ya simu kionekane, na bibi asipite kwake bila kusema kwamba mashine hii haivunji mchele. Bibi atasema. Wasiwasi pekee tulioupata mtaani ni wa kina mama waliotuuliza huu ni mradi gani na posho ni kiasi gani. Siwalaumu. Tangu miaka ya 1950 watafiti wamekuwa wakija Ifakara kuchunguza malaria. Nadhani mbu wa bonde hili wamepigwa picha kuliko waigizaji wote wa Morogoro.

Umewahi kujiuliza, mheshimiwa, kwa nini filamu nyingi za Bongo huchezwa sebuleni? Geti linafunguliwa, gari linaingia, geti linafungwa, watu wanakaa kwenye makochi wanalia mpaka sehemu ya pili. Wahakiki wanawasema waandishi kwamba hawana ubunifu. Mimi nasema sebule ndiyo ofisi pekee nchini ambayo mkuu wake unamkuta, anaweza kusema ndiyo peke yake, na halazimiki kungoja kikao. Nchi ina Udzungwa, ina maporomoko ya Sanje, ina mashamba ya mpunga yasiyoonekana mwisho, na mtazamaji wetu anayajua mapazia ya Mbezi.

Wageni hawakupata taabu hii. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walipiga kambi Vugiri, kule Usambara, kwa fedha za Carnegie za Marekani, wakatengeneza filamu fupi zipatazo 35 za kutufundisha kilimo, usafi na kuweka akiba. Sisi tunaomba moja, na haimfundishi mtu chochote. Mwaka 2021 alikuja mwanahabari wa Marekani, Peter Greenberg, kutengeneza filamu ya "The Royal Tour", na aliyemtembeza alikuwa Rais wa nchi. Matangazo yale yalikuwa na faida yake, silikatai hilo. Sisi hatuombi makubwa hivyo. Tutembezwe na mtendaji wa kata, akiwa na nafasi.

Ombi langu basi ni bei elekezi. EWURA hututangazia bei kikomo za petroli kila mwezi. Nawe ututangazie za vichaka. Ukingo wa mto kwa saa. Mwembe mmoja, na useme wazi kama kivuli chake kimo au kinalipiwa pembeni. Barabara ya vumbi, na vumbi lake. Andika namba ya simu inayopokelewa, weka mtu mmoja wa kusaini, na umpe muhuri wake asiougawana na semina. Tukivunja kitu tutalipa. Tukiacha takataka tutozwe faini, na tupigwe picha tukitozwa.

Nakusihi ujibu mapema, kwa sababu mpunga umeshaanza kutoa masuke na haujui taratibu. Ukishavunwa, shamba litabaki mabua, na mkulima hatakuwa tena na ndege wa kutubadilishia. Jibu likichelewa tutahamia sebuleni kwa mama mdogo, ambaye ameshakubali tutumie makochi yake bure kwa sharti kwamba yeye ndiye acheze bibi, na bibi huyo awe na umri usiozidi miaka ishirini na nane.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwandishi, mwongozaji, mpiga picha na mwamia ndege,
Lumemo, Ifakara.