Nani Ana Manowari Nyingi? Msiniulize Mimi

Kijiweni kwetu nimeteuliwa, bila barua wala posho, kuwa mwamuzi wa ukubwa wa majeshi ya majini ya dunia. Cheo hiki kimenijia kwa sababu moja tu: simu yangu haikosi bando. Ubishi wa mpira una wenyewe, na wa siasa una wazee wake, lakini ukizuka wa manowari, vichwa vyote vinanigeukia. "Hebu tupekulie hapo, mwalimu." Mimi si mwalimu. Na huko kupekua ndiko kunakonizeesha.

Maana ukidhani ni swali la hesabu tu, umeingia mkenge. Shemeji yangu ni wa Marekani, amekuwa hivyo tangu enzi za kanda za video. Fundi viatu ni wa China, kwa kuwa cherehani yake imetoka huko na haijawahi kumwangusha. Nikafungua simu: China, zaidi ya meli 370, Marekani, 290 hivi. Fundi akarusha kiatu cha mteja juu kwa furaha. Shemeji akauliza kwa ukali nani huyo aliyeyasema hayo. Nikatazama vizuri. Yamesemwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani yenyewe, kwenye taarifa yake ya mwaka 2023.

Shemeji alinyamaza, jambo lisilo la kawaida yake. Mimi ndipo nikaanza kuushtukia mchezo. Mtu akijiwa na mtoza ushuru ana mbuzi watatu, tena wanakohoa. Akienda kuposa, malisho yote ni yake. Maadmirali wa Marekani hawaendi bungeni kuposa. Wanakwenda kuomba fedha, na huko sheria ya mwaka 2017 imeshaandika kwamba lengo ni meli 355. Sasa utaombaje mabilioni ukiwa umetangulia kusema jirani hana kitu? Jirani lazima awe na meli tele. Sisemi wamedanganya. Meli zipo, setilaiti zinaziona. Nasema tu kwamba kila namba niliyoipata ina mwenyewe, na mwenyewe ana shida yake.

Tena hiyo 370 yenyewe ina mkia. Taarifa inasema imeziacha nje boti ndogo za makombora zipatazo 60. Kwa nini ziachwe wakati zina makombora ya kuzamishia meli? Fundi akadai ziongezwe papo hapo. Shemeji naye akataka zile za Marekani za walinzi wa pwani ziingizwe, na mimi nikataka kahawa.

Halafu nikakuta kioja cha mwaka 2014. Mwezi wa tatu mwaka ule, jeshi la majini la Marekani lilibadili kanuni za kuhesabu. Boti za doria zilizoko ng'ambo zikaingizwa kwenye hesabu, na meli za hospitali pia. Jeshi likanenepa bila kugongwa hata msumari mmoja. Wabunge wakang'aka, wakapitisha sheria, hesabu ikarudi ilikotoka. Kwa hiyo ukikuta mtandaoni watu wawili wanatukanana juu ya idadi ya meli za mwaka ule, wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja na mwezi wake. Na si mara ya kwanza. Mwaka 1975 walikuwa na wasiwasi kwamba Wasovieti wamewazidi kwa zile manowari kubwa ziitwazo kruza. Tarehe 30 Juni wakazipandisha cheo baadhi ya frigeti zao zikawa kruza. Pengo likapungua kabla ya futari, ningesema, kama wangekuwa wanafunga.

Sasa tufike kwa marehemu. Hapa ndipo damu yangu huchemka kweli. Orodha za majeshi haya hazijui kufuta mtu. Meli ya kijasusi ya Marekani, Pueblo, ilitekwa na Korea Kaskazini Januari 1968. Leo iko Pyongyang, ni makumbusho, watoto wa shule wanapelekwa kuitazama. Kwenye daftari la Marekani bado ni meli yao na ipo kazini. Boston nako kuna Constitution, jahazi la kivita la mbao lililoshushwa majini mwaka 1797, nalo lina nahodha na mabaharia wanaolipwa mshahara. Waingereza ndio kabisa: Victory, ya mwaka 1765, imekaa chelezoni Portsmouth tangu 1922, na bado ni manowari ya bendera ya mkuu wa jeshi lao la majini. Haielei lakini ina cheo.

Urusi wana manowari moja ya kubeba ndege, Admiral Kuznetsov. Kila orodha niliyoifungua imeiandika: moja. Haikuandika kwamba iliingia matengenezo mwaka 2017; kwamba mwaka 2018 chelezo kilichoibeba kilizama chini yake na kreni ikaidondokea juu ya sitaha; kwamba mwaka 2019 ikashika moto. Thailand nao wanahesabiwa moja, Chakri Naruebet, tangu 1997. Ndege zake za kivita zilistaafishwa 2006 na hazikupata warithi. Inabeba helikopta na misaada ya mafuriko, kazi njema kabisa, ila kwenye jedwali imekaa mstari mmoja na za Marekani zenye ndege sitini na zaidi. Japani wao wamekwenda upande wa pili. Izumo ina urefu wa mita 248 na sitaha tambarare kama uwanja wa ndege, lakini wao huiita destroya, kwa sababu katiba yao ina aya ambayo haipendi kusikia mambo makubwa.

Muuza kahawa, mtu wa busara, akashauri tuache kuhesabu vichwa tupime uzito. Hoja nzuri, na shemeji alifufuka, maana kwa tani Marekani wako mbali: manowari zao 11 za kubeba ndege, kila moja ni ya tani laki moja hivi. Lakini tani nazo zina historia yake. Wajerumani waliitangazia London kwamba manowari yao Bismarck ni tani 35,000, kama mikataba ilivyotaka. Ilikuwa zaidi ya 41,000. Nani angepanda nayo kwenye mizani?

Vitabu vya kuaminika vipo, nisiwanyime haki yao. Mwingereza Fred Jane alianza kutoa orodha yake ya manowari za dunia mwaka 1898, na hadi leo hutolewa chini ya jina lake. Ile taasisi ya London ya mikakati ya kijeshi, IISS, nayo hutoa hesabu zake kila mwaka tangu 1959. Nikaangalia bei. Nikafunga ukurasa taratibu, nisije nikatozwa kwa kuangalia.

Wanaonifurahisha ni wale wa Istanbul. Manowari yoyote inayotoka Bahari Nyeusi kwenda Mediterania lazima ikatize katikati ya mji, kwenye mlangobahari wa Bosporus, mchana, mbele ya watu. Basi wapo raia wenye kamera ambao hukaa ng'amboni wakazipiga picha na kuzirusha mtandaoni: jina la meli, saa iliyopita, imebeba nini juu ya sitaha. Hawaombi bajeti kwa mtu. Hao ndio ningewapa kijiwe hiki wakiendeshe.

Mzee mmoja wa Unguja akasema zamani mambo yalikuwa wazi. Kwa hilo namuunga mkono. Sultani Barghash, baada ya kimbunga cha 1872 kumvunjia merikebu zake, aliagiza Uingereza meli yenye mizinga, Glasgow. Asubuhi ya Agosti 27, 1896, ndiyo iliyowajibu kwa mizinga Waingereza walipoishambulia Unguja. Saa tatu asubuhi Unguja ilikuwa na manowari yake moja bandarini, kabla ya adhuhuri haikuwa na hata moja. Milingoti yake ikabaki ikichungulia juu ya maji kwa miaka, kwa atakayebisha.

Nilidhani hapo tumemaliza, mpaka fundi alipouliza habari za nyambizi. Nikamwambia kitu chenyewe kazi yake ni kutoonekana, na yeye anataka idadi yake kutoka kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Akasema basi nikisie.

Shemeji kwa hasira amehama Marekani. Sasa ni shabiki wa Bolivia, nchi iliyopoteza pwani yake yote kwa Chile katika vita vya 1879 hadi 1884, na bado ina jeshi la majini lenye maelfu ya wanamaji, wanaofanya doria mitoni na katika Ziwa Titicaca, juu milimani. Anasema hao kwa kujiamini hawana mpinzani. Kesho anataka nimtafutie wana boti ngapi.