Shangazi Rimoti Anajibu: Goli Nimeliona, Kelele Zimechelewa

Nina mtoto wa miezi mitano anayelala kwa mbinde. Baba yake ni mgonjwa wa Ligi Kuu ya Uingereza, na kila goli humwamsha mtoto. Nikamshauri anunue hedifoni zisizo na waya. Kanunua za Bluetooth, lakini sasa anaona mpira umegonga mwamba, halafu baadaye kidogo ndiyo anasikia "ko!" Anasema nimemharibia mpira. Nifanyeje?
Mama Kichanga, Tabata

Hedifoni si mbovu na mumeo hajachanganyikiwa. Sauti ya Bluetooth hairushwi ikiwa mbichi. Televisheni huibana kwanza ipungue, huirusha vipande vipande, kisha hedifoni huvipokea, huviweka akiba kidogo ili sauti isikatikekatike, ndipo huvifungua na kuvipiga. Kwa mfumo wa kawaida uitwao SBC, ambao karibu kila hedifoni ya Bluetooth inao, safari hiyo huweza kula milisekunde 150 hadi 250. Ni hadi robo sekunde. Ukisikiliza muziki mtupu hutaigundua, lakini ukitazama mdomo wa mtu anayesema utaigundua.

Atakwambia kwenye simu hedifoni hizohizo hazina kasoro, na ni kweli. Programu nyingi za video kwenye simu huichelewesha picha makusudi iisubiri sauti. Televisheni inayoonyesha mpira kutoka kwenye king'amuzi mara nyingi haina hisani hiyo. Sasa wataalamu wa kijiweni watamwambia aingie kwenye mipangilio, atafute pa kulinganisha sauti na picha, abonyeze mpaka zikae sawa. Tatizo ni kwamba televisheni nyingi pale huweza kuichelewesha sauti tu, haziwezi kuiwahisha. Atabonyeza weee, na shangwe zitamfikia wachezaji wamekwisha rudi katikati ya uwanja.

Dawa ni seti ya hedifoni iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni, yenye kitako chake. Kitako unakichomeka nyuma ya TV kwa waya, nacho kinarusha sauti kwa mawimbi yake ya redio hadi kwenye hedifoni. Ukichagua nzuri, ucheleweshaji ni mdogo kiasi kwamba jicho halilalamiki. Sennheiser wameuza za namna hii kwa miaka mingi. Mawimbi hayo hupenya ukuta, kwa hiyo mumeo anaweza kwenda jikoni kuchemsha maji ya uji huku mechi inaendelea masikioni. Nimesema anaweza. Za infraredi aachane nazo: mtu akikatiza mbele, sauti inakatika, na sebule yenye watoto haikosi wa kukatiza.

Ipo pia njia ya kati, aptX Low Latency, inayochelewa milisekunde 40 hivi. Lakini kinachorusha na kinachopokea vyote lazima viwe nayo. Kimoja kikikosa vinarudi kwenye SBC, kama Mmakonde na Mchaga wanaokutana sokoni wakaishia kuongea Kiswahili. Muuzaji atakuonyesha neno hilo kwenye boksi la hedifoni. Muulize kuhusu upande wa televisheni uone anavyokohoa.

Bajeti ikigoma, ahamie tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Midomo ya mle haijawahi kupatana na maneno, hata kwa spika za TV yenyewe.

Shangazi, babu yetu masikio yamechoka. Taarifa ya habari akiisikiliza yeye, mtaa mzima unaisikiliza. Tukamnunulia hedifoni, tukachomeka. Sasa anasikia peke yake na sisi tunabaki kutazama mdomo wa mtangazaji.
Wajukuu, Tanga

Mmechomeka kwenye tundu la hedifoni, na televisheni nyingi zikihisi kitu pale huzima spika zake. Tafuteni nyuma tundu la optiki, lile ambalo TV ikiwa imewashwa huonyesha kamwanga kekundu ndani. Mkitolea sauti hapo kwenda kwenye kitako, TV nyingi huendelea kusema na sebule. Babu anaongeza yake, nanyi mnapunguza yenu. Ikiwa kimya, ingieni mipangilio ya sauti mchague PCM, kwa sababu vitako vingi havielewi Dolby.

Mchagulieni kubwa, za kufunika sikio, zenye vitufe vinavyoonekana, na zinazojichaji zikilazwa kwenye kitako. Vile vidogo vya kupachika sikioni vitaishia chini ya mto wa kochi, na lawama zitamwangukia mjukuu mdogo. Halafu, kabla ya yote, mpelekeni akapimwe masikio. Huenda ni nta tu.

Nilinunua Kariakoo kale kadude ka Bluetooth ka kuchomeka kwenye TV ya zamani. Hedifoni hazikaoni kabisa. Nimeibiwa?
Mpangaji, Sinza

Hujaibiwa. Umenunua kinachopokea, kama vile vya redio ya gari, ilhali wewe unataka kinachorusha. Kwa sura vinafanana kama mapacha. Siku nyingine uliza "kinarusha au kinapokea?" na usilipe kabla hakijasikika dukani. Barua za kuuliza bei msiniletee. Bei ya Kariakoo hubadilika kabla wino wa gazeti haujakauka.

Shangazi, mke wangu kanunua hedifoni zinazozuia kelele. Saa mbili usiku Waturuki wakianza, anazivaa. Nikimuuliza chakula kiko wapi, kimya. Je, zinaweza kumfanya asinisikie kabisa?
Mume Mwenye Njaa, Mbezi

Teknolojia hiyo ina maikrofoni inayosikiliza kelele za nje na kutengeneza mawimbi ya kuzipinga. Inafanya kazi vizuri zaidi kwa mvumo mzito usiobadilika: jenereta, feni, injini ya ndege. Sauti ya binadamu, inayopanda na kushuka, hupenya kwa urahisi zaidi. Labda awe ameongeza sauti kupita kiasi, na hapo mkumbushe kwa upole kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Vinginevyo, baba, anakusikia. Chakula kiko jikoni.