Mambo Saba Ambayo Buyenzi Inayo Tayari kwa Jukwaa la Nyimbo

Oktoba 1995, katika ukumbi wa WPA mjini New York, Jason Robert Brown alipandisha jukwaani onyesho lake liitwalo Songs for a New World. Waimbaji ni wanne, nyimbo zinafuatana, na hakuna kisa kimoja kinachotoka mwanzo hadi mwisho. Kila wimbo una mtu wake, na kila mtu yuko njia panda, lazima aamue. Vikundi vidogo vya maigizo vimelipenda tangu hapo, maana halidai watu wengi wala mapambo ya gharama.

Mweleze habari hizi mama yeyote wa Buyenzi, atakuuliza: sasa hilo na taarab vimepishana wapi? Swali lake ni la haki. Mtaa huu wa Waswahili wa Bujumbura unastahili onyesho lake la namna hiyo, lililotungwa na watu wake kwa Kiswahili chao, kwa sababu karibu kila kinachotakiwa kipo nyumbani. Tuhesabu kutoka saba kushuka hadi moja. Mwenye haraka asirukie moja, tunamwona.

7. Bashraf ya kufungulia

Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa cha Unguja, kilichoanzishwa mwaka 1905, kina desturi ya kufungua kwa bashraf, yaani muziki mtupu usio na maneno. Fidla zinatangulia, ganuni inajibu, minong'ono ya ukumbini inapungua. Kazi ya kwanza ya bashraf ni kuyaandaa masikio. Ya pili ni kuwapa waliochelewa nafasi ya kutafuta viti. Shangazi unayepaka wanja hadi saa tatu usiku, hapo umefikiriwa wewe.

6. Jukwaa lisilotaka makuu

Mwimbaji wa taarab anasimama mbele, wapigaji wanakaa nyuma yake, basi. Hakuna kasri la mbao, hakuna mlima wa karatasi. Nguo ndiyo pambo, na kwa nguo nani ataifundisha Buyenzi? Soko la Ruvumera liko hapo hapo mtaani. Jenereta ikigoma nayo isiwatie wasiwasi: mtaa wenye makanika wengi kiasi hiki ukikosa wa kuiwasha, hilo litakuwa ajabu kuliko onyesho lenyewe.

5. Bendi inayoenea kwenye teksi moja

Katika miaka ya 1960, Black Star Musical Club ya Tanga iliichukua taarab ya okestra kubwa ikaipa gitaa, besi na midundo ya kuchezeka. Sauti hiyo haikuishia Tanga. Ilivuka mipaka hadi Kenya na hadi hapa Burundi, na jina la Shakila, aliyeimba na Black Star na baadaye Lucky Star, likasafiri nayo. Funzo lake ni wazi kwa kikundi kisicho na fedha: gitaa, besi, kinanda na ngoma vinatosha kubeba nyimbo za usiku mzima. Mpiga besi tu ndiye akae mbele na dereva, miguu yake mirefu.

4. Kiswahili cha nyumbani

Mwimbaji Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, na santuri zake zikathibitisha kwamba taarab ya Kiswahili ina wasikilizaji mbali na kasri za masultani. Buyenzi haihitaji uthibitisho huo. Hapa watoto wanagombezwa kwa Kiswahili kabla hawajajua kuandika. Isitoshe, jiji limekwisha kutoa waimbaji wa kuigwa. Khadja Nin, aliyezaliwa hapa Bujumbura mwaka 1959, alitoa albamu ya Sambolera mwaka 1996 na kuipeleka lugha hii kwenye majukwaa ya Ulaya. Kidum naye anaimba Kirundi na Kiswahili bila kuuliza ruhusa ya mtu. Kwa hiyo mhusika mmoja akianza kwa Kiswahili, akakasirika kwa Kirundi na kuomba msamaha kwa Kifaransa, hadhira haitapotea hata kidogo. Itamcheka kwa jinsi inavyomjua.

3. Ushindani wenye faida

Tanzania ya miaka ya 1990 ilikuwa na Tanzania One Theatre (TOT), iliyoongozwa na Kapteni John Komba, na Muungano Cultural Troupe. Kwa kiingilio kimoja mtu alipata ngoma, vichekesho, maigizo na taarab. Khadija Kopa akiimba upande wa TOT, Nasma Khamis anajibu upande wa Muungano, na mji mzima unasubiri zamu inayofuata. Nyimbo zilijibizana kutoka jukwaa hadi jukwaa, na msikilizaji ndiye aliyeziunga zikawa kisa. Buyenzi yenye avenyu zilizopangwa kwa namba ingegawanyika pande mbili kabla chai haijapoa. Mradi tu wanaogombana waendelee kuazimana viti.

2. Fumbo

Hapa ndipo penye moyo wa jambo. Onyesho lisilo na msimulizi linahitaji kitu cha kuzishikilia nyimbo zisitawanyike, na taarab inacho. Mtunzi anaimba juu ya jahazi, ua au ndege, na kila aliyekaa anajua ni jirani yupi anayezungumziwa. Wimbo wa pili ukimtaja ndege yule yule akiwa amerudi kwenye tundu, kisa kimesogea bila mtu kusimulia. Mtunzi wa Buyenzi aandike hivyo: fundi aliyeachiwa gari na mwenyewe hakurudi, bibi harusi anayesita, mchuuzi wa kutoka Uvira, bibi anayemngoja mjukuu aliyehama. Fumbo moja lipite katika nyimbo za wote wanne. Na ukiona watu wote wamegeuka kukutazama, dada, wimbo ni wako.

1. Hadhira inayopanda jukwaani

New York hadhira hukaa gizani, hupiga makofi, huenda nyumbani. Katika taarab, mama aliyeguswa na ubeti anainuka na noti ya elfu mbili imekunjwa kwa urefu kati ya vidole viwili. Haendi moja kwa moja. Anacheza polepole kati ya viti, anasimama kidogo karibu na meza ya anayemkusudia, anaipunga noti hewani ubeti unapofika mahali penyewe, ndipo anaendelea mbele na kumtunza mwimbaji. Kwa hatua ishirini hivi amekuwa mwigizaji, na wimbo wa mtunzi umekuwa wake. Hakuna mwongozaji awezaye kulipia tendo hilo, wala kulifundisha kwa mazoezi ya mwezi mzima. Buyenzi inalifanya kwa furaha, tena fedha zinaingia badala ya kutoka.

Kilichobaki ni kalamu. Watafutwe waimbaji wanne, mtunzi asiyeogopa majirani zake, na ukumbi wenye njia pana katikati ya viti. Nyimbo kumi zinatosha kuanzia, na onyesho la kwanza likipendwa, avenyu ya pili haitakubali kushindwa.