Namna ya Kukodi Kijumba cha Mashambani Uingereza na Mama Naye Akapumzika

Anayekodi chumba hotelini amekodi kitanda. Anayekodi kijumba cha mawe mashambani Uingereza amekodi kitanda pamoja na sufuria, ufagio, kuni na mapipa ya taka, na lazima apatikane mtu wa kuvishughulikia. Katika jamaa zetu mtu huyo hujulikana hata kabla arbuni haijalipwa: ni mama, au shangazi, au mke wa mtoto mkubwa. Wengine watarudi makwao Leicester na Reading wakisimulia milima na maziwa, yeye atarudi akijua idadi ya vijiko vilivyomo kwenye droo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, lakini msomeeni baba, tena kwa sauti.

Anzeni na tarehe, maana hapo ndipo pesa inapopotelea. Shule za England hufungwa kuanzia kama mwishoni mwa Julai hadi mwanzoni mwa Septemba, na majuma hayo bei ya kijumba hupanda bila haya. Atatokea mjomba wa kushauri watoto watolewe shule mwezi Juni ili kuokoa pesa. Mkatalieni kwa heshima. Tangu Agosti 2024 mzazi aliyemtoa mtoto darasani siku tano bila ruhusa anaweza kutozwa faini ya pauni 80, na zikipita siku 21 hajalipa inakuwa 160. Hiyo ni kwa kila mzazi na kwa kila mtoto, kwa hiyo mwenye watoto watatu akae chini na mkewe wapige hesabu kabla ya kumsikiliza mjomba. Na kama kuna jamaa wanaokuja kutoka Mombasa au Dar es Salaam, viza itangulie, nyumba ifuate.

Tangazo likisema nyumba inalaza watu wanane, ulizeni hao wanane wanalala wapi. Mara nyingi wawili wamehesabiwa kwenye kochi la sebuleni, atakapoketi babu kutazama habari hadi usiku wa manane. Hesabuni vyoo kabla ya vitanda. Nyumba ya watu wanane yenye choo kimoja, nacho kiko ghorofani juu ya ngazi nyembamba, si likizo kwa bibi mwenye magoti mabovu. Nyingi za nyumba hizi ni za kale, na baadhi zimo katika orodha ya majengo yanayolindwa na sheria, hivyo mwenyewe hawezi kupanua mlango wala kuinua dari apendavyo. Safu ya vijumba vya Arlington Row kule Bibury ilianza kama ghala la sufu karne ya 14, ikageuzwa makazi ya wafumaji karne ya 17. Mihimili ya dari katika nyumba za aina hii iko chini, na haimwonei mtu haya. Kijana mrefu wa nyumbani aoneshwe kila mhimili mchana, kabla hajakutana nao usiku akienda kunywa maji.

Bafuni mtakuta bomba mbili, moja ya maji ya moto kabisa na nyingine ya maji ya baridi kabisa, kila moja upande wake wa beseni. Taa huwashwa kwa kuvuta kamba, na soketi ya kuchajia simu hamtaiona humo, kwa sababu za usalama. Plagi ni zile zile za pini tatu bapa tunazozijua Kenya na Tanzania, kwa hiyo jamaa wanaotoka huko hawana haja ya kununua kiunganishi uwanja wa ndege.

Kuhusu mahali, mimi nawashauri Lake District, kaskazini-magharibi ya England, na sababu yangu ni bibi na watoto. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1951 na iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2017, lakini ubora wake kwa familia ni kwamba maziwa yana boti, milima iko karibu na barabara, na miji midogo kama Keswick na Kendal ina maduka ya kweli. Mvua ipo. Kijiji cha Seathwaite, katika bonde la Borrowdale, hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, karibu mara tatu ya Mombasa. Basi msiingoje ikatike. Kila mtu awe na koti lisilopenyeza maji na viatu vya kukanyagia matope, na anayetaka kuja na kandambili aje nazo za kuvaa ndani.

Barabarani dereva wetu atajiona yuko kwao, kwa kuwa huko nako magari hupita kushoto. Kisha ataingia vijia vyenye kuta za mawe pande zote mbili, upana wa gari moja, na sheria ikimruhusu kwenda hadi maili 60 kwa saa. Asiende. Mkikutana na trekta, aliye karibu zaidi na sehemu ya kupishania ndiye anayerudi nyuma, na kurudi nyuma mita mia moja huku shangazi akitoa maelekezo kunahitaji mazoezi mkiwa bado nyumbani. Ramani ya simu hupenda njia za mkato, na mojawapo ni Hardknott Pass, ambako mwinuko hufika asilimia 33. Gari lililobeba watu saba, masanduku na gunia la mchele halina shughuli kule.

Sasa jikoni, nami hapa sitakuwa na haraka. Katika nyumba nyingi za mashambani mtakuta jiko kubwa la chuma liitwalo AGA, zito kuliko friji. Lile la asili halizimwi, wala halina kitufe cha moto mkubwa wala mdogo. Juu lina sahani mbili zenye vifuniko, moja ya kuchemshia na moja ya moto wa pole, na chini lina matanuri, moja kali na moja la taratibu. Aliyelibuni ni Gustaf Dalén, mwanafizikia wa Uswidi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1912 na kupofuka mwaka huo huo katika mlipuko akiwa kazini. Inasimuliwa kwamba alipokaa nyumbani akiwa haoni ndipo alipotambua jinsi kazi ya jiko ilivyokuwa ikimchosha mkewe, na mwaka 1922 akaja na jiko hili. Mwanaume asiyeona aliitambua kazi hiyo, na sisi tunaoona vizuri tunaketi sebuleni tukiuliza chai inaiva saa ngapi. Baba yeyote atakayeliegemea jiko hili kupasha mgongo moto, maana kuna watakaoliegemea, anapaswa kukijua kisa hicho na kuondoka hapo akiwa na mwiko mkononi.

Kulitumia ni rahisi kuliko linavyotisha. Pilau ianzie kwenye sahani ya kuchemshia: vitunguu, thumu, bizari nzima, nyama, mchele. Maji yakikaribia kukauka, funikeni sufuria muihamishie tanuri la taratibu. Tanuri hilo linapalia wali bila mkaa wa juu ya kifuniko, na pilau inaiva punje punje hata ikipikwa na kijana wa miaka kumi na saba ambaye hajawahi kupika. Chapati ziende na chuma chake kwenye sahani ya moto wa pole. Msiache kifuniko cha sahani wazi muda mrefu, kwa sababu joto hutoroka na chakula cha saa mbili kitaliwa saa nne. Mafuta ya kukaangia yasimwagwe kwenye sinki: nyumba nyingi za huko haziko kwenye mtaro wa mji bali zina tangi lao la maji taka bustanini, na likiziba, juma lenu limekwisha. Yamimineni kwenye kopo yagande, kisha yaende pipani.

Vyakula vibebwe kutoka mjini. Nyama ya halali msitegemee kuipata kijijini. Inunueni Leicester au Bradford, igandisheni, iwekwe kwenye boksi la barafu. Mkifika Jumapili mkumbuke kwamba kwa sheria ya 1994 maduka makubwa ya England hufunguliwa kwa muda wa saa sita tu siku hiyo, na jikoni za baa za vijijini hufunga baada ya chakula cha mchana hadi jioni, ziwe na wageni wenye njaa au zisiwe nao. Majani ya chai ya nyumbani hayatawatia ugeni, kwani Kenya ndiyo inayoiuzia Uingereza chai nyingi kuliko nchi nyingine yoyote. Njiani mtaona mayai kwenye meza ndogo getini kwa mkulima, kando yake kisanduku cha pesa, na mtu hayupo. Wekeni pesa kamili, na kazi hiyo wapeni watoto.

Kwa wanaosali, kibla iko kusini-mashariki. Bibi aliyezoea kuelekea kaskazini tangu utotoni pale Mombasa aoneshwe kwa dira mapema, asije akaongoza nyumba nzima kuelekea Scotland. Kiangazi jua huko huchelewa sana kuzama na huwahi kuchomoza, kwa hiyo chukueni ratiba ya msikiti kabla ya kuondoka.

Kutembea ndiko hasa kunakowafanya watu waende, na haki ya kutembea huko ilipiganiwa. Mwaka 1932 mamia ya watembeaji, wengi wao vijana wafanyakazi, waliingia kwa makusudi kwenye mlima wa Kinder Scout uliokuwa umefungwa na wenye ardhi, na baadhi yao wakafungwa jela. Leo mshale wa njano mlangoni mwa shamba unamaanisha njia ya waendao kwa miguu, na unaruhusiwa kupita katikati ya ngano ya mtu bila kubisha hodi. Geti liacheni kama mlivyolikuta. Ng'ombe wenye ndama wapitieni mbali. Hawajali kwamba mjomba alichunga ng'ombe utotoni. Msiidharau Scafell Pike, mlima wa Lake District, kwa urefu wake wa mita 978 kwa sababu mmewahi kuiona Kilimanjaro. Mawingu huishukia ghafla, na wanaopanda kuwashusha waliopotea ni watu wa kujitolea walioacha chakula chao mezani.

Kwa bibi kuna Tarn Hows, ziwa dogo lenye njia ya kama kilomita tatu inayolizunguka, inayopitika kwa kiti cha magurudumu. Mpelekeni siku isiyo na upepo, na mama aende naye, mikono mitupu, bila kikapu wala chupa ya chai, kwa sababu chupa hiyo imebebwa na mtu mwingine.

Hapo ndipo pagumu. Mama mwenyewe atakataa. Ataamka kabla ya wote, na kwa jua la kiangazi cha huko hiyo ni mapema mno, atakuwa keshapanga sufuria na kukanda unga mkiwa mmelala. Mkimwambia apumzike atasema amepumzika. Msimnyang'anye mwiko kwa nguvu, maana kupika kwake ni heshima yake pia na wengine wetu hatujui kupenda kwa njia nyingine. Mwachieni chakula kimoja akipendacho, siku moja aitakayo yeye, na siku zilizobaki jiko liwe na mwenyewe anayejulikana kwa jina. Kijana akiunguza wali, uliwe hivyo hivyo, na asiwepo wa kusema kwamba angepika mama.

Asubuhi ya kuondoka, nyumba hutakiwa iwe tupu saa nne. Mashuka yatolewe, vyombo vioshwe, majivu ya jiko la kuni yazolewe yakiwa yamepoa, taka zitengwe kama daftari la nyumba linavyoagiza. Kazi hiyo ianze saa moja na ifanywe na baba na vijana. Mama akae bustanini na kikombe chake.

Akina baba na vijana mnaopanga likizo ya Agosti: andikeni zamu za jikoni leo kwenye kundi la familia, siku kwa siku, kifungua kinywa hadi chakula cha usiku, na jina la mama lisionekane zaidi ya mara moja.