Jangwani Julai? Loo!

Msonyo wa leo, wenzangu, ni wa tiketi. Kijana wetu mmoja hapa barazani kapitisha simu yake mkono kwa mkono: tiketi ya Muscat, mwezi wa Julai, bei ya kutupa. Anampeleka mkewe akaone jangwa la Oman, walale hemani, wapande ngamia. Watu wakampa hongera. Mimi nikasonya, na mpaka sasa sijamaliza kusonya.

Kwani bei hiyo imeshuka bure? Julai Muscat joto la mchana hupita nyuzi 40, na usiku mara nyingi halishuki hata chini ya 30. Sheria ya Oman yenyewe inakataza kufanyisha watu kazi za nje juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, tangu Juni mpaka Agosti. Serikali inamwondoa fundi ujenzi aliyezoea jua hilo, halafu wewe umpeleke mkeo akatembee juu ya mchanga? Jamani!

Nchi ya jangwa huendi kwa bei, unaendea majira. Na la kusikitisha ni kwamba sisi watu wa pwani ndio tuliokuwa na elimu hii. Wazee wa majahazi walikuja huku na kaskazi, wakasubiri kusi, wakarudi nalo Sur na Muscat. Kalenda nzima ilikuwa kichwani. Leo mtu anaangalia namba nyekundu ya punguzo, basi.

Sikilizeni. Kuanzia Novemba hadi katikati ya Machi, Oman ni nchi nyingine. Desemba na Januari mchana wa Muscat unazunguka nyuzi 25. Hapo ndipo unapokwenda kwenye mchanga wa Sharqiya, ambao wengi bado wanauita Wahiba, mwendo wa kama saa tatu kwa gari. Usiingie peke yako na gari la kukodi. Chukua dereva wa pale, anayejua kupunguza upepo wa matairi na wapi mchanga ni laini. Beba na sweta, maana usiku wa jangwa wa Januari unauma. Na kama unataka nyota, usiende tarehe 14 ya mwezi wa Kiislamu. Nenda mwezi unapoandama, mbingu iwe nyeusi, utaziona mpaka ushindwe kulala.

Ukitoka mchangani, usirudi moja kwa moja. Ijumaa asubuhi iwe ya Nizwa, kwenye mnada wa mbuzi: wauzaji wanazunguka na wanyama wao, wanunuzi wamekaa pembeni wanapiga bei. Wahi mapema, kwani kabla ya sala ya Ijumaa shughuli imekwisha. Kutoka hapo panda mlima wa Jebel Akhdar, lakini kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, maana polisi wa kizuizi cha barabarani hawakuachii upite na gari dogo. Mwisho wa Machi hadi mapema Mei huko juu mawaridi yanachanua, na watu wanachemsha marashi kwenye vyungu. Anayependa maua namruhusu achelewe mpaka Aprili, lakini kwa ajili ya mlima tu, si ya mchanga.

Mabonde ya maji, Wadi Shab na Wadi Bani Khalid, ni raha tupu ya kuogelea kati ya majabali. Hapa tu naomba tusitaniane. Mvua inanyesha mlimani, wewe uko bondeni chini ya jua, na maji yanakufikia ghafla. Aprili 2024 mafuriko yaliua watu Oman, wakiwemo wanafunzi waliosombwa ndani ya gari. Ikitabiriwa mvua, usiingie bondeni. Na ukikuta maji yanakata barabara, simama. Kuyavuka kwa gari ni kosa mbele ya sheria yao, na wana haki.

Jambo jingine linalosahauliwa: miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, na kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Mwezi huo ni mtamu kwa futari na tarawehe, ila matembezi ya mchana yanapungua na mikahawa mingi inafungwa. Tazama kalenda kabla hujalipa.

"Na mwenye likizo ya Julai tu je?" kaniuliza bwana mmoja. Huyo namwambia: Salalah. Kiasi cha kilomita 1,000 kusini mwa Muscat, na ni dunia mbali. Kusi hili hili linalotuchafulia bahari huku linavuka ikweta, linapinda, linapita juu ya maji baridi ya pwani ya huko Dhofar na kugonga milima. Linakuwa ukungu na manyunyu, tangu mwisho wa Juni hadi Septemba. Jangwa linavaa majani. Joto ni nyuzi ishirini na kitu, na barabarani wanauza madafu na ndizi, Mzanzibari atajiona kwao. Lakini watu wa Ghuba nzima wanakimbilia huko, hoteli zinajaa na bei zinapanda, kwa hiyo weka nafasi mapema. Bahari usiingie, ina hasira. Na mlimani endesha taratibu, ukungu unafunga macho.

Kijana wangu, kesho asubuhi nenda kwa aliyekukatia tiketi, muulize gharama ya kuisogeza hadi Desemba. Akikwambia kuna faini ya kubadili tarehe, ilipe. Asipokubali, tafuta ndege ya kuwaunganisha kutoka Muscat mpaka Salalah, na hema la jangwani liache mpaka mwaka ujao.