Jinsi ya Kununua Gari Bila Kuliuliza Lilikotoka

Msimu mzuri wa kununua gari Kasanda ni kiangazi, maharage yakishauzwa. Pesa ziko mfukoni, mvua iko mbali, na vumbi jekundu limeyafunika magari yote mpaka bovu na zima hayatofautiani. Anayesubiri Novemba, tope likishaanza, huishia kuona mambo ambayo hakuyatafuta: wipa zisizofika juu, fowili isiyoingia, maji yanayochuruzika miguuni mwa abiria. Wewe hutaki kujua hayo. Unataka gari.

Swali lako la kwanza, na likiwezekana la mwisho, liwe hili: "Ni namba gani?" Ukiambiwa ni E, usiendelee. Herufi za namba zetu husema gari lilisajiliwa lini Tanzania. Lilitengenezwa lini hazisemi. Gari la mwaka 2003 lililoshushwa juzi bandarini Dar es Salaam litapewa namba mpya kabisa na kuwadharau wenzake wenye namba C walio wadogo kwake kwa umri. Wakenya hawaruhusu gari lililozidi miaka minane kuingia, na Waganda tangu 2018 wameweka kikomo cha miaka 15. Sisi hatuna roho mbaya hiyo. Gari dogo lililovuka miaka kumi tunalitoza ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, kisha tunalikaribisha. Kama bado una wasiwasi na umri wake, kuna kitambaa kidogo chenye maandishi kimeshonwa chini kabisa kwenye mkanda wa kiti, na mara nyingi kina mwaka wa kutengenezwa. Ndiyo maana nakusihi usivute mkanda. Huku hakuna anayeuvuta, kwa hiyo hutaonekana mshamba.

Sasa tuje kwenye mali yenyewe: Kruza mkonga la shirika. Tangu wakimbizi wa Burundi walipomiminika mwishoni mwa 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba ya mwaka huo, nyanda hizi za Kibondo na Kasulu zimezoea mashirika yanayokuja na kuondoka. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Nduta ikafunguliwa upya 2015, Mtendeli 2016, na Mtendeli hiyo hiyo ikafungwa mwishoni mwa 2021. Kila mradi unapofungwa hubaki mabango barabarani na magari uani. Mabango huezekea mabanda ya kuku. Magari hupigwa mnada, halafu yanakutafuta wewe.

Dalali atakuita pembeni na kukwambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, hii ilikuwa ya mzungu." Ipokee hiyo kama sifa ya kiufundi. Inaaminika kwamba mzungu hubadilisha oili kwa wakati na hapiti kwenye makorongo. Usiulize usiku lilikuwa linaendeshwa na nani. Usiulize lilibeba nini: wajawazito, maturubai, mapipa ya dizeli, wakubwa wa kutoka Geneva. Ukiambiwa limetembea kilomita laki mbili tu, itikia kwa kichwa. Kilomita moja ya njia ya kambini wakati wa masika si sawa na kilomita moja ya lami ya Dodoma, lakini dashibodi haina ubaguzi, inazihesabu zote sawa.

Hapa kejeli inanishinda kidogo, kwa sababu injini ya 1HZ ni injini ya kweli. Dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina habari na kompyuta, na fundi wa Kakonko anaielewa kuliko anavyomwelewa mkewe. Sifa hizo hizo ndizo zinazofanya hata iliyokufa iuzike. Ina mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa takriban kila kilomita 100,000, na dashibodi ina taa iliyoandikwa T-BELT ya kukumbusha. Ukifungua swichi taa hiyo isiwake hata kidogo, furahi: kuna mtu mwema aliing'oa balbu ili usipate presha. Vivyo hivyo kwa taa ya injini kwenye magari mengine. Inatakiwa iwake ukifungua swichi na izimike injini ikinguruma. Isiyowaka kabisa ina siri, na siri za watu ziheshimiwe.

Utamu wa Kruza la shirika, hata hivyo, hauko kwenye injini. Uko kwenye kodi. Magari mengi ya mashirika huingia nchini kwa msamaha, na msamaha ule ni wa shirika. Gari halikusamehewa lolote. Likiangukia mikononi mwa mtu asiye na msamaha, kama wewe mkulima wa maharage, forodha inadai chake kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Matangazo ya mnada kwa kawaida hayafichi: huandika kwamba kodi zote ni juu ya mnunuzi. Huandika chini kabisa, baada ya simu ya dalali. Ushauri wangu ni kuishia kwenye simu. Utashinda mnada, utashangiliwa, utalivuta gari hadi nyumbani, na litakaa chini ya mwembe na namba zake za zamani wakati wewe ukitafuta bei ya pili ya gari lile lile.

Ukishindwa Kruza, chukua Probox iliyokuwa mchomoko. Iliundwa kwa ajili ya watu watano, imebeba tisa na gunia la mihogo, na kilomita zake zimerudishwa na kijana mwenye kompyuta mpakato huko Kahama mpaka inaonekana imetembea kidogo kuliko baiskeli ya katekista. Usitazame raba ya pedali ya breki iliyolika hadi chuma. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa imepoa, maana ukikuta maji yamekuwa kama chai ya maziwa utaharibu siku ya watu wote waliokuja kushuhudia biashara. Na usitembee na sumaku. Sumaku ya spika mbovu ya redio hushika bati na kudondoka kwenye puti, na mwenye gari ameshakwambia halijawahi kula mzinga. "Iligusa ng'ombe tu." Inategemea ng'ombe aliguswa kwa mwendo gani.

Karatasi zisikuchoshe. Jina kwenye kadi litakuwa la mtu wa Mbagala, aliyemuuzia mtu wa Tabora, aliyemuuzia shemeji wa huyu anayekuuzia. Kubadilisha umiliki TRA kuna ada, na ushuru wa stempu wa asilimia moja ya bei, kwa hiyo wote walionelea iwe kazi ya atakayefuata. Wewe ndiye atakayefuata, lakini hata wewe unaweza kuonelea hivyo hivyo. Kama kadi halisi haipo na unaonyeshwa kivuli chake, huenda iko benki inalinda mkopo wa mtu. Usiende benki kuuliza. Kama mwenye jina alishafariki, usitaje mirathi mbele ya wajane. Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka haitakusumbua, ilifutwa 2017 na Waziri wa Fedha wa wakati ule, Philip Mpango, mwana wa Buhigwe hapo jirani, na tangu hapo tunailipia kituo cha mafuta. Kinachobaki ni faini za trafiki, ambazo huonekana kwenye simu ukiingiza namba ya gari. Bando lako litunze kwa mambo mengine.

Mkataba uandikwe kwenye karatasi ya daftari mbele ya mtendaji wa kijiji, na maneno "gari limeuzwa kama lilivyo" yapigiwe mstari. Mashahidi wawili wanatosha. Mmoja awe amesahau miwani nyumbani, na mwingine awe anahamia Mpanda kesho.