Namna ya Kumchagulia Mtu Kitabu Kabla Mvua Haijakata

Kigali haina theluji, kwa hiyo muuza vitabu asiingoje. Majira yetu ya kusoma ni umuhindo, zile mvua za Septemba hadi Desemba zinazomkwamisha mtu dukani mwako saa nzima, pikipiki zote zimejificha chini ya mabaraza. Huyo ndiye mteja wako bora wa mwaka. Hakuja kununua, kaja kujibanza. Mpe kiti kwanza.

Usimwulize anatafuta kitabu gani. Mwulize zawadi ni ya nani, na huyo mtu husomea wapi. Anayesoma ndani ya basi la Nyabugogo, huku akisukumwa na viwiko, mpe upelelezi: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, anamshika msomaji leo kama alivyomshika mwaka 1960. Anayesomea kitandani anaweza kubeba riwaya nene.

Sifia ulichokisoma tu. Kama hukukisoma, sema hukukisoma, kisha mwite mwenzako aliyekisoma. Kile kikadi mnachobandika rafuni kiandikwe kwa mkono, sentensi mbili tatu, na maneno "kizuri sana" yapigwe marufuku. Kwa *Vuta n'kuvute* ya Adam Shafi, kwa mfano: "Yasmin kaozwa mume mzee. Kafungasha, kaondoka. Nilipitiliza kituo changu nikimfuata." Chini yake weka jina lako, ili mteja ajue wa kumrudia akichukizwa.

Kiswahili kitoe kule chini kwenye kamusi na vitabu vya mitihani. Ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na mtaani Nyamirambo watu walikuwa wakipatana bei kwa lugha hiyo zamani kabla ya sheria. Kiweke meza ya mbele, na juu yake kiwe *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022. Abdulrazak Gurnah aliiandika riwaya yenyewe kwa Kiingereza mwaka 1994, akapata Nobel 2021, na ilibidi tusubiri hadi tafsiri hiyo kumsoma Yusuf, mtoto aliyetolewa kwa tajiri kulipia deni la baba yake, akisafiri na msafara kwenda bara kwa lugha ambayo msafara wenyewe uliisema. Mtu akikuambia Kiswahili hakina riwaya za kumpa mtu mzima, fungua ukurasa wa kwanza, mpe asome, uende ukapange rafu.

Swali moja usithubutu kuliuliza kamwe: mteja alikuwa wapi mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari. Scholastique Mukasonga na Gaël Faye, wanaoliandika jeraha hilo kwa Kifaransa, ni fahari ya duka lolote mjini humu. Yeye Mukasonga alipata tuzo ya Renaudot mwaka 2012 kwa *Notre-Dame du Nil*, na Faye akaipata 2024 kwa *Jacaranda*. Lakini vitabu vyao usivisukumize kwenye kapu la Krismasi kwa sababu vina tuzo. Viweke vionekane, eleza waziwazi kilichomo, kisha nyamaza. Kuna mtu amekuwa akikitafuta kitabu kama hicho maisha yake yote, na kuna asiyetaka kukiona sebuleni mwezi wa sherehe. Kwa sura huwatambui. Akikichagua mwenyewe na bibi yake hasomi Kifaransa, hapo mwonyeshe *Gahugu Gato*, yaani *Petit Pays* ya Faye kwa Kinyarwanda.

Watoto hawana shida. Éditions Bakame inawachapia vitabu kwa Kinyarwanda tangu 1995. Mketishe mtoto sakafuni na vitatu, na kile atakachokikatalia mama yake kukirudisha ndicho.

Kufunga zawadi ni kazi ya ufundi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2008, na mfuko wa karatasi hufika mtaani Kimironko umeloa chepechepe. Tumia kipande cha kitenge. Kikunje mara mbili mgongoni mwa kitabu, ncha zifungwe upande wa kurasa, kwa kuwa huko ndiko maji huingilia kwanza. Mwambie mteja akibebe kitabu kifuani, ndani ya koti, si begani. Bei iwe kwa penseli, na uifute mbele yake. Risiti mpe mkononi, usiiache ndani ya kitabu.